Shule inataka chanjo zikamilike la sivyo binti haingii darasani, nimtoe nimsomeshe nyumbani?

mama_wa_tatu

Habari zenu wadau, naombeni mnisikilize kidogo maana hili jambo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa na najua humu wapo wazazi waliopitia.

Binti yangu ana miaka 6, anaanza darasa la kwanza. Nilijaza fomu zote nikapeleka, juzi shule wamenirudishia bahasha, ndani kuna kopi ya kadi yake ya chanjo wamezungushia kalamu nyekundu sehemu mbili. Dozi ya pili ya surua na rubela haipo, na ile ya kuongezea nguvu ya dondakoo, pepopunda na kifaduro nayo haipo. Chini wameandika nina siku 30, zikipita mtoto haruhusiwi kukaa darasani mpaka kadi ikamilike.

Sasa sio kwamba nilisahau. Alipochanjwa dozi ya kwanza ya surua alikuwa na mwaka na miezi mitatu, siku ile hakusumbua hata kidogo, akacheza kama kawaida. Siku ya 8 usiku akapandisha homa, nimempakata namsikia mwili unawaka, mara macho yakageuka juu, mikono ikakakamaa, akaanza kutupatupa miguu. Degedege. Labda ilikuwa dakika mbili, kwangu ilikuwa kama usiku mzima. Mpaka tunafika hospitali alishatulia kalala, daktari wa zamu akasema ni homa tu itapita, watoto wengi wanapata, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakuna mtu aliyekaa na mimi akanieleza zaidi ya hapo. Toka siku ile kila nikifikiria kumpeleka kwenye sindano nayaona yale macho. Ndo maana na zile nyingine nikaziacha, nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao, miaka ikapita.

Mume wangu anasema achanjwe yaishe, aende shule. Dada yangu mkubwa yeye aliwatoa wanae wawili shule mwaka jana kwa sababu hiyo hiyo ya chanjo, wamejikusanya familia 7 wanasomesha wenyewe kwa zamu, ananiambia nafasi ipo, nimlete binti hata kesho, kwanini nigombane na shule wakati njia ipo. Na mimi namuamini dada, ndo alinilea baada ya mama kufariki.

Binti mwenyewe kashapakia begi. Kila jioni analifungua anapanga penseli upya anafunga.

Swali langu ni hili, kuna aliyemtoa mtoto shule kwa ajili ya chanjo akamsomesha nyumbani? Ilikuaje? Na ile degedege je, kuna anayeelewa, inaweza kujirudia? Naomba msinitukane, sio kwamba sipendi mwanangu au sipendi watoto wa wenzangu, naogopa tu.

mzazi_kwanza

Pole sana dada. Mimi nilimtoa wa kwangu miaka mitatu iliyopita na sijajuta. Kwetu haikuwa degedege, ilikuwa ni ile hali ya kuambiwa lazima bila mtu kukujibu maswali. Niliuliza nipewe maelezo ya kila chanjo, ina nini, madhara yake yapi, nikapewa karatasi moja na sauti ya ukali. Nikasema mwanangu sio namba kwenye daftari lenu.

Nyumbani anasoma vizuri, anasoma vitabu vya watoto wanaomzidi miaka miwili. Na kuhusu magonjwa mi naona mtoto wa nyumbani hakutani na msongamano, darasa la watoto 40 wanakoholeana ndo hatari, hapa tuko watano tu. Mzazi ndo anamjua mwanae kuliko ofisi yoyote. Wewe ulikuwepo usiku ule, wao hawakuwepo. Usikubali kusukumwa, kama moyo wako haujatulia mtoe, shule haikimbii.

nesi_wa_usiku

Mama wa tatu pole, na kwanza niseme hili, ulipaswa kuelezwa usiku ule ule na hukuelezwa, hiyo ni kasoro yetu sisi wa hospitali sio yako. Ngoja nijaribu sasa ingawa umechelewa kuambiwa miaka mitano. Nimekaa wodi ya watoto muda mrefu na hii hadithi ya siku ya nane naijua.

Chanjo ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Kikiingia mwilini hakiamshi kitu siku hiyo hiyo, kinachukua muda kuzaliana kidogo kidogo mpaka mwili unakigundua, ndo maana homa yake inakuja kati ya siku ya 6 na ya 12 hivi wakati mzazi kashasahau habari ya sindano. Kwahiyo uliyoyaona sio ndoto, na wala hukukosea kuunganisha, inawezekana kabisa homa ile ilitokana na chanjo. Ila degedege inaletwa na ile homa yenyewe. Ubongo wa mtoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5 hauvumilii joto kupanda ghafla, wengine hata mafua au maambukizi ya sikio yanawatosha. Kwa chanjo hii inakadiriwa ni kama mtoto 1 kati ya dozi 3,000 mpaka 4,000. Ni ya kutisha mno kuitazama, mimi mwenyewe nesi moyo unanienda mbio kila mara, lakini degedege fupi ya homa haiachi jeraha kwenye ubongo, haipunguzi akili, mtoto anaamka anaomba maji.

Sasa binti yako ana miaka 6. Umri wa degedege za homa ameshaupita au yuko ukingoni kabisa. Hatari ya kujirudia ipo chini sana kuliko alivyokuwa na mwaka mmoja. Na degedege ya homa peke yake haiko kwenye orodha ya mambo yanayomzuia mtu kupata dozi ya pili. Yanayozuia ni kama ile aleji kali ya ghafla baada ya dozi iliyopita, koo kuvimba na pumzi kukata, au kinga ya mwili iliyoshuka kwa ugonjwa au dawa, au ujauzito. Kama daktari akikuta mojawapo anaandika barua ya kitabibu na shule inaipokea, hiyo njia ipo na ni halali, huhitaji kumtoa shule kwa hilo. Lakini lazima daktari amuone, amsikilize na wewe pia, asiandike kwa simu.

Kingine, dozi ya kwanza haijapotea. Wazazi wengi wanadhani ukichelewa miaka unaanza upya, hapana, unaendelea ulipoishia.

Na naomba nimjibu kidogo kaka mzazi_kwanza kwa heshima. Una haki kabisa ya kujibiwa maswali, karatasi na ukali sio majibu. Lakini hili la mtoto wa nyumbani kutokukutana na ugonjwa, surua haihitaji darasa la watu 40. Aliyeugua akiingia chumbani akatoka, hewa ya humo inaweza kuambukiza mpaka masaa mawili baada ya yeye kuondoka. Kati ya watu 10 wasio na kinga wakikaa naye karibu, 9 wanapata. Na anaanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutokea, wakati anaonekana ana mafua tu. Na pepopunda ndo kabisa haina habari na shule, wadudu wake wako kwenye udongo, mtoto akikanyaga msumari uani kwenu hakuna mwenzake wa kumlinda hapo, ni kinga yake mwenyewe tu.

kimya_kingi

Mimi niliambiwa hii ya surua ndo inaleta usonji, hilo mbona hakuna anayeligusa? Mpwa wangu aliacha kuongea muda ule ule baada ya chanjo. Nauliza kwa nia njema.

msoma_ripoti

Kimya_kingi pole na mpwa wako. Hili lilitoka kwenye makala ya daktari Andrew Wakefield mwaka 1998 kwenye jarida la Lancet, ilihusu watoto 12 tu. Baadae ikagundulika taarifa za wale watoto zilipindishwa, jarida likaifuta makala mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Toka hapo nchi nyingi zimeangalia upya, Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 wakatoa matokeo 2019, waliochanjwa na wasiochanjwa usonji ulikuwa haujatofautiana. Kinachowachanganya wazazi ni umri. Dalili za usonji zinaanza kuonekana wazi kati ya mwaka mmoja na miwili, na chanjo hii inatolewa muda huo huo, basi vitu viwili vinakutana kwenye kalenda. Familia yenu haikufanya kosa lolote kumchanja.

mezani_kwetu

Mimi nasomesha nyumbani mwaka wa 5 huu, watoto watatu, wote wamechanjwa. Nataka nikuambie kitu ambacho nahisi dada yako hakukuambia kwa sababu na yeye ni mgeni bado.

Hii kazi ina watu wanaoipenda, mimi ni mmoja wao, lakini uiingie kwa sababu unaitaka yenyewe. Wapo niliowaona wameingia kwa kukimbia kitu, wengine kukimbia mwalimu mkali, wengine ada, wengine chanjo kama hivi, na wengi wao mwezi wa tatu wanaanza kulia. Maana unachokimbia kinaisha siku ya kwanza, halafu inabaki siku ya pili na mezani pako kuna mtoto anayekuangalia. Jana nimekaa dakika 50 na wa kati kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, anafuta, anaandika, karatasi imetoboka kwa raba, mdogo anavuta sketi yangu anataka kusomewa, na mkubwa ana swali la sayansi ambalo sijui jibu lake. Hapo sijapika na sijafanya kazi inayoniingizia hela. Ni siku nzuri hiyo, sijakutajia mbaya.

Sasa kuhusu sheria kuwa makini, maana watu humu wanaongea kana kwamba kila mahali ni sawa. California kule Marekani walipofuta ruhusa ya kukataa chanjo kwa imani binafsi, ile sheria ya 2015 iliyoanza kufanya kazi Julai 2016, waliacha nje watoto wa shule za nyumbani na wale wanaojisomea bila mafundisho ya darasani. Ndo wazazi wengi wakapata hilo wazo. Lakini Ujerumani kusomesha nyumbani kwenyewe hairuhusiwi, na toka Machi 2020 mzazi asiyeonyesha uthibitisho wa chanjo ya surua anaweza kupigwa faini mpaka yuro 2,500. Italia nao toka 2017 chanjo 10 ni lazima, wa chini ya miaka 6 bila hizo haingii chekechea, mkubwa anaingia darasani ila wazazi wanatozwa faini. Kwahiyo mlipo nyie sheria inasemaje? Na hii ya dada yako ya familia 7 wanaofundisha kwa zamu, samahani lakini hiyo inaanza kunuka shule. Sehemu nyingi ukishakusanya watoto wa familia kadhaa wanafundishwa na mtu asiye mzazi wao, siku fulani, mahali fulani, sheria inaweza kukuhesabu kama shule na masharti ya shule yanakufuata pale pale, chanjo ikiwemo. Muulize kama wamewahi kuuliza.

Na ukitafakari, familia 7 zote zimekusanyika kwa sababu ya kukataa chanjo. Huko binti yako anahama kutoka darasa ambalo karibu wote wamechanjwa kwenda chumba ambacho karibu wote hawajachanjwa. Mimi ni wa nyumbani damu damu lakini hapo singempeleka wangu.

baba_wa_mmoja

Sikutaka kuandika maana najua ukisema habari ya mtoto mgonjwa watu wanaona unawasukuma kwa huruma. Lakini umesema tusikutukane na mimi sina tusi.

Mwanangu ana miaka 7, aligundulika na saratani ya damu akiwa na 5. Alichanjwa zote kwa wakati, kadi yake imejaa. Kemo, zile dawa kali za saratani, ikaja ikashusha kinga yote, na ukiwa kwenye kemo chanjo ya kirusi hai kama ya surua huruhusiwi kupewa. Kwahiyo kadi imejaa lakini mwili hauna kitu.

Mwaka jana madaktari wakaturuhusu arudi darasani, nusu siku. Alikaa wiki mbili. Jumanne usiku mwalimu akanipigia, sauti yake tu nikajua, kuna mtoto wa darasa la jirani amethibitika ana surua, na watoto wanachangia ukumbi. Tulikimbia hospitali kabla siku 6 hazijapita maana kingamwili za kumuwekea kwa dripu zinasaidia ndani ya muda huo. Alikaa na dripu masaa, anachora. Halafu wakatuambia tukae tunamwangalia siku 28. Siku 28. Kila asubuhi kabla hajaamka nilikuwa nawasha tochi ya simu namwangalia nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, maana vipele vya surua huanzia huko. Nywele ndo kwanza zilikuwa zinaota tena, laini kama za kichanga.

Hakupata. Ila shule hakurudi mpaka leo, daktari alisema tusubiri mpaka idadi ya waliochanjwa pale ijulikane vizuri. Kwahiyo mimi nasomesha nyumbani dada, ndo ninachotaka uone. Mezani kwangu kuna mtoto anayesoma nyumbani kwa sababu hawezi kuchanjwa na anatamani darasa, kila siku ananiuliza fulani amekaa na nani sasa. Wewe wako anaweza kuchanjwa na begi kashalipakia.

Sikulaumu kwa hofu yako. Mimi hofu naijua.

mzazi_kwanza

Baba wa mmoja Mungu amponye mtoto, kwa kweli nimesoma mara mbili. Lakini na mimi nibaki na ukweli wangu, ukisema tuchanje kwa sababu ya mtoto wa mwenzako, halafu wangu akidhurika nani atakuja kukaa naye hospitali? Hilo ndo swali wazazi kama sisi tunalo na huwa halijibiwi, tunaitwa wajinga tu. Na sisi wa nyumbani tuko wachache, hatuwezi kuleta mlipuko.

msoma_ripoti

Mzazi_kwanza sikuiti mjinga. Swali la nani atakaa naye ni swali la haki kabisa na nchi kadhaa zina mifuko ya serikali ya kulipa fidia kwa aliyedhurika na chanjo, kwa sababu madhara makubwa ni nadra sana lakini yapo. Upande wa pili wa mizani uwe nao pia, surua yenyewe kwa watoto 1,000 wanaougua, 1 hivi anapata uvimbe wa ubongo na 1 mpaka 3 wanafariki. Na wanaopona, kirusi kinaweza kufuta sehemu ya kumbukumbu za kinga walizokuwa nazo kwa magonjwa mengine, kwahiyo miezi inayofuata wanaugua hiki na kile.

Hili la wachache halileti mlipuko, angalia Texas, Marekani, mwaka 2025. Ulianzia kaunti ya Gaines, kwenye jamii ambayo watoto wengi wanasoma nyumbani au kwenye shule ndogo binafsi, waliochanjwa wachache. Mpaka unatangazwa umeisha mwezi wa 8 wagonjwa 762 walikuwa wamethibitishwa, watoto wawili wa umri wa shule walikufa, wote hawakuwa wamechanjwa. Hawakuwa wachache kule walipo, ndo shida, familia zenye msimamo mmoja zinakaa pamoja, zinasali pamoja, zinasomeshana. Surua inataka karibu watu 95 kati ya 100 wawe na kinga ndo ishindwe kupita, ukichukua nchi nzima hesabu inaweza kuonekana nzuri lakini yenyewe inatafuta kile kijisehemu.

Na mama wa tatu, kisa chako kimenikumbusha Samoa, nchi ya visiwa kule Pasifiki. Kule hofu haikuanza na uvumi. Julai 2018 watoto wachanga wawili walikufa baada ya kuchanjwa kwa sababu manesi walichanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Ni kosa la kibinadamu la kutisha na walifungwa kwa hilo. Serikali ikasimamisha chanjo miezi mingi, wazazi nao wakagoma hata iliporudi, nani angewalaumu. Mwisho wa 2019 surua ikaingia. Nchi ya watu kama 200,000, wakaugua zaidi ya 5,700, wakafa 83, wengi wao watoto wadogo. Shule zote zilifungwa, na Desemba serikali ilisimamisha kazi siku mbili, wakawaambia watu wenye nyumba yenye asiyechanjwa watundike kitambaa chekundu nje, timu zikapita mlango kwa mlango. Hofu yao ilikuwa na sababu ya kweli kama yako. Ugonjwa haukuangalia sababu.

mama_wa_tatu

Nimesoma zote. Zingine nimesoma nikiwa chooni ili watoto wasinione nalia.

Nesi asante, miaka mitano nimebeba kitu ambacho ungenielezea kwa dakika tano. Sikujua kama umri unabadilisha. Na sikuwahi kufikiria pepopunda, akilini mwangu chanjo zote ni kitu kimoja, nilikataa moja nikazikataa zote.

Mezani_kwetu nimempigia dada kumuuliza la sheria, kakasirika, kasema nimeshawishiwa na watu wa mtandaoni. Nimeumia. Baba wa mmoja sijui nikuambie nini, nimeenda nikakaa kitandani kwa binti yangu.

Nimepanga ijumaa kwenda kwa daktari. Naogopa bado. Nikienda niulize nini? Na zile siku 30 zimebaki 11.

nesi_wa_usiku

Nenda na kadi, na uandike usiku ule ulivyokuwa, siku ya ngapi, homa ngapi kama unakumbuka, alitikisika muda gani, alitikisika mwili wote au upande mmoja, alipoamka alikujua. Mwambie pia kama kuna mtu wa familia mwenye kifafa. Kisha muulize moja kwa moja, kwa historia hii kuna sababu ya kumzuia? Usitoke bila jibu, hata akiwa na foleni. Kama hakuna sababu na mnakubaliana achanjwe, omba karatasi inayoonyesha tarehe za dozi, peleka shule, shule nyingi zinampokea mtoto ambaye ratiba yake imeanza na inaendelea. Ile ya pepopunda homa yake ikija huja siku mbili za kwanza, ya surua weka alama kwenye kalenda siku ya 6 mpaka 12. Kuwa na kipimajoto na dawa ya homa ya kipimo cha uzito wake, umpe akipandisha, sio kabla. Na ikitokea degedege ambayo sitegemei, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, angalia saa, ikifika dakika 5 haijaisha kimbia hospitali.

mezani_kwetu

Dada yako usimkatie simu. Akitulia muulize watoto wanaendeleaje na kusoma na kuandika, muongelee watoto kwanza, wanae wanakuhitaji wewe uwe shangazi, samahani, mama mdogo anayefika pale nyumbani.

mama_wa_tatu

Naleta mrejesho. Ijumaa tulienda wote watatu, mume aliomba ruhusa kazini. Daktari mama mtu mzima, alifunga mlango akasoma karatasi yangu yote, akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Akasema hakuna cha kumzuia. Kachanjwa zote mbili, mkono huu na huu. Alilia kidogo tu, mimi ndo nilitoka jasho. Karatasi nimepeleka shule, wamempokea, jumatatu alienda na lile begi.

Dada bado hapokei simu, namtumia meseji za sauti tu, nimemwambia nataka kuja jumapili kuwaona watoto.

Leo ndo siku ya 8. Sasa hivi ni saa nane usiku, niko sakafuni pembeni ya kitanda chake. Jioni alichoka mapema nikashtuka, saa nne nikapima 37.6, sasa hivi nimepima tena 37.3. Amelala, amejifunua miguu. Nitapima tena saa kumi.

baba_wa_mmoja

Na mimi niko macho. Ukipima andika.